Mgogo Aandikwe kwa Herufi Gani?
Maelezo juu ya alfabeti ya makabila, kwa walimu wa Dodoma na uwanda wa juu wa katikati

Kila mwalimu aliyepata kuwafundisha watoto kusoma ajua jambo hili: mtoto akiisha kuzijua herufi chache, hatafuti neno la hekima, bali hutafuta jina lake. Akiliona hufurahi, na kitabu kile huwa chake. Asipoliona hukisoma kama mtu asomaye barua ya jirani. Basi nataka kueleza habari ya namna moja ya kitabu cha watoto, yaani alfabeti ya makabila, ambayo kila herufi yake hupewa kabila moja, na kila kabila picha moja na desturi moja. Vitabu vya namna hii hupendeza macho, tena hufundisha mengi. Lakini vikiletwa Dodoma, Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, huzusha maswali matatu: jina la kabila lianze kwa herufi gani, jina hilo ni la nani, na desturi itajwe kwa wakati gani wa kitenzi. Maswali haya yaonekana kuwa madogo, nami nitajaribu kuonyesha ya kuwa sivyo.

I. Kitabu kilicho mfano

Kitabu kijulikanacho sana katika namna hii ni Ashanti to Zulu, kilichotolewa New York mwaka 1976. Mwandishi wake ni Margaret Musgrove, Mmarekani Mweusi aliyepata kuishi Ghana, na wachoraji ni mume na mke, Leo na Diane Dillon. Mwaka 1977 wachoraji hao walipewa kwa kitabu hicho Nishani ya Caldecott, ambayo hutolewa kila mwaka kwa picha zilizo bora katika vitabu vya watoto vya Marekani. Mwaka uliotangulia walikuwa wameipata kwa kitabu kingine, wakawa wa kwanza kuipata miaka miwili mfululizo.

Picha zake zilichorwa kwa kanuni ambayo kila mwalimu aweza kuifuata. Wachoraji walijitahidi kutia katika kila picha vitu sita: mwanamume, mwanamke, mtoto, makao yao, kitu kilichofanywa kwa mikono yao, na mnyama wa nchi yao. Mwishoni iko ramani ya Afrika ionyeshayo kila kabila linakaa wapi. Kwa hiyo mtoto haoni ngoma iliyoning'inia hewani bila mtu, wala mtu asiye na nyumba. Huona watu mahali pao.

Kwa kuwa alfabeti ya Kiingereza ina herufi 26, makabila yaliyotajwa nayo ni 26, kuanzia Waashanti wa Ghana hata Wazulu wa Afrika ya Kusini. Katika hao wamo Wachaga, Waikoma na Wamasai, ambao twawajua katika Tanzania. Wamo pia Wajie wa Uganda, Warendille wa Kenya, na Wandaka na Wagenia wa Kongo. Wa uwanda wetu wa katikati hayumo hata mmoja. Herufi G wamepewa Waga wa Ghana, na H Wahausa. Si kosa la mwandishi, maana makabila ya Tanzania peke yake hupita 120, na herufi 26 haziwezi kuwa nyumba ya wote. Lakini mtoto wa Mvumi au wa Kongwa afunguliwapo kitabu hicho, atauliza, "Sisi tuko wapi?" Yapasa mwalimu awe na jibu.

II. Shina na kiambishi

Jibu laanza katika herufi W. Kitabuni W ni ya Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko ya mto Kongo karibu na Kisangani, ambao hufunga matenga makubwa katika miti iliyosimamishwa kati ya maji yaendayo kwa nguvu. Tazama, ndugu msomaji, jambo hili: Wachaga wamewekwa katika C na Waikoma katika I, yaani majina yao yamevuliwa kiambishi; lakini Wagenia wameingia na kiambishi chao Wa-. Hii ni kwa sababu jina lao lilifika Ulaya hali limekwisha kuvikwa vazi la Kiswahili, na wazungu hawakujua kulivua. Kama kanuni hiyo ingefuatwa kwa wote, Wagogo nao wangaliweza kuidai herufi W, na pamoja nao Wachaga, Wamasai na wote wengine.

Ndilo tatizo la kwanza la mwalimu atakaye kuandika alfabeti ya makabila kwa Kiswahili. Akifuata kinywa chake, ataandika Waburunge, Wagogo, Wahehe, Wairaqw, Wakaguru, Wakimbu, Wanyaturu, Wanyiramba, Warangi, Wasandawe, na wote watajaa katika W kama watu waliosongamana mlangoni, huku herufi nyingine zikibaki tupu. Akiandika mtu mmoja mmoja, Mgogo, Mhehe, Mrangi, watasongamana katika M.

Watunga kamusi walikwisha kulikuta tatizo hili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyapanga maneno mengi chini ya shina lake, hata msomaji asiyejua shina alihangaika. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilifuata herufi ya kwanza ya neno kama lisemwavyo. Kila njia ina faida yake. Kwa alfabeti ya makabila naona njia ya shina ni bora, ila kiambishi kisifutwe. Mwalimu aandike shina kwa rangi moja na kiambishi kwa rangi nyingine: m-Gogo, wa-Gogo, u-Gogo, chi-Gogo. Hapo mtoto aona kwa macho yake jambo ambalo sarufi hulieleza kwa maneno mengi, yaani kwamba shina moja huzaa mtu, watu, nchi na lugha.

Iko njia nyepesi ya kulijua shina: lile libakilo katika maneno yote ndilo. Mhehe, Wahehe, Uhehe, Kihehe: pabaki Hehe, na herufi yao ni H. Mnyiramba, Wanyiramba, Kinyiramba: pabaki Nyiramba, kwa hiyo tusiikate ile Nya au Nyi kwa kudhani ya kuwa ni kiambishi, bali tuwaweke katika NY. Watoto waachwe walitafute shina wenyewe. Ni mchezo wa kuwafaa, nao watauendeleza hata kwa maneno ya nyumbani, kama mtoto, watoto, utoto, kitoto.

III. Herufi zilizoachwa

Kiswahili sanifu hakina Q wala X. Muriel Feelings, mwalimu Mmarekani aliyepata kufundisha Uganda, alipotunga alfabeti ya maneno ya Kiswahili kwa watoto wa Marekani mwaka 1974, Jambo Means Hello, picha zikichorwa na Tom Feelings, aliandika maneno 24 tu, kwa kuwa herufi hizo mbili hazina kazi kwetu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Kiswahili. Lakini sivyo ilivyo kwa uwanda wa katikati.

Tukienda kaskazini ya Kondoa twafika kwa Wairaqw, ambao jina lao lina sauti itokayo nyuma kabisa ya kinywa, karibu na kidaka tonge, nayo huandikwa kwa Q. Mswahili huigeuza kuwa K, akasema Wairaki. Na magharibi ya Kondoa, katika nchi ya Kwa Mtoro na Farkwa, wako Wasandawe, ambao lugha yao ina vidoko. Kidoko ni ile sauti ambayo sisi wengine huifanya kwa ulimi tunaposikitika au tunapomhimiza punda, lakini kwao ni konsonanti kamili, yenye kutenga neno na neno. Wanavyo vya namna tatu: cha kwenye meno, cha juu ya ufizi, na cha upande wa ulimi. Wakosa na Wazulu wa kusini, ambao lugha zao pia zina vidoko, huviandika kwa herufi C, Q na X. Na ile X iliyo mwanzo wa jina Xhosa ni kidoko cha upande wa ulimi.

Basi kile kitabu cha Marekani kikifika X, watoto wengi wa Afrika Mashariki hukwama. Mtoto wa Kisandawe hakwami. Ile sauti ngeni kwa mwalimu wake ni sauti ya nyumbani kwake. Mwalimu mwenye busara atamwita mbele awafundishe wenzake, maana pengine hiyo ndiyo mara ya kwanza kwa mtoto huyo kuwa hodari darasani kwa sababu ya lugha ya mama yake, badala ya kuchekwa kwa ajili yake.

Tena wataalamu wa lugha huitaja nchi ya Kondoa na kandokando yake kuwa mahali pa pekee katika Afrika, kwa kuwa hapo jamaa nne kuu za lugha zimekutana katika eneo dogo: za Kibantu, kama Kirangi na Chigogo, za Kikushi, kama Kiburunge na Kiiraqw, za Kiniloti, kama Kidatoga na Kimasai, na Kisandawe chenye vidoko. Mwalimu wa Kondoa hana haja ya kwenda mbali ili awaonyeshe watoto Afrika nzima. Aweza kuipata katika mwendo wa siku chache kwa miguu.

IV. Jina ni la nani?

Kabla ya kulitia jina katika kitabu, yafaa kuuliza kwanza ni nani aliyelitoa. Jina likiisha kupigwa chapa ni kazi kubwa kulifuta, na watoto watakaolisoma watalichukua hata uzeeni.

Wadatoga wa tawi la Wabarabaig kwa miaka mingi wameitwa Wamang'ati na majirani. Neno hilo latoka katika Kimasai, na maana yake ni maadui. Mtoto wa Kibarabaig akiliona jina hilo chini ya picha ya baba yake, asoma kwamba baba yake ni adui. Wairaqw wameitwa Wambulu kwa jina la mahali. Wanyaturu wa Singida wao kwa wao hujiita Arimi. Yote haya yako vinywani mwa watu, na mengine husemwa bila nia mbaya. Lakini kitabu cha shule sharti kichague, na kanuni njema ni kuandika kwanza jina ambalo watu hujiita wenyewe, kisha jina wajulikanalo kwa wengine.

Hata jina Wagogo, wazee husimulia ya kuwa lilitoka kwa Wanyamwezi wa misafara, waliopita katika nchi hii wakienda pwani na kurudi, nalo huhusishwa na gogo la mti. Masimulizi yake si ya namna moja. Lakini hapa jambo ni jingine, maana wenyewe wamekwisha kulipokea na kulifanya lao. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi mashuhuri, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, alilitia jina hilo katika anwani ya kitabu chake, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1954. Naye Petro Itosi Marealle alikwisha kuandika habari za Wachaga mwaka 1947 katika Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Hawa hawakungoja kuandikwa na wengine. Basi jina lililotoka kwa mgeni laweza kuwa la mwenyeji, ikiwa mwenyeji amelikubali. Lisilokubaliwa ni jina la kumtukana.

V. Desturi moja, kabila moja

Sasa nafika penye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Alfabeti ya makabila hutaja desturi moja kwa kila kabila, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Msomaji mdogo hufahamu kwamba desturi hiyo ni ya kabila hilo tu, na kwamba kabila hilo halina nyingine.

Tuchukue mfano wa Waikoma, wakaao magharibi ya Serengeti. Kitabu chaeleza habari ya yule ndege mdogo aongozaye watu kwenye asali. Habari ni ya kweli, tena yapendeza. Lakini ndege huyo hakuandikishwa kwa Waikoma. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, karibu na Ziwa Eyasi, humwita kwa mluzi. Wayao wa kaskazini ya Msumbiji humwita kwa sauti nyingine kabisa, na ndege wa kila nchi husikia zaidi wito wa watu wa nchi yake, kama wataalamu walivyothibitisha kwa majaribio yaliyotangazwa mwaka 2023. Kwa hiyo yafaa mwalimu aulize, "Ni nani wengine wafanyao hivi, nao hufanyaje?" Swali hilo moja hubomoa ukuta ambao kitabu kimeujenga bila kukusudia.

Jambo la pili ni wakati wa kitenzi. Katika Kiswahili tuna hu-, ambayo haina jana wala kesho: jua huchomoza, mbuzi hula majani. Waandishi wa mila na desturi wameipenda mno hu- hii. "Wagogo hujenga tembe." Mtoto wa Dodoma asoma maneno hayo hali amekaa chini ya mabati, nyumba ya baba yake ni ya matofali, na tembe ameiona kwa bibi yake tu, au hakuiona kabisa.

Tembe ni nyumba ya kusifiwa, wala sitaki isahauliwe. Ilijengwa kwa nguzo na fito na udongo, chini kwa kimo, paa lake bapa limefunikwa udongo, na vyumba vikizunguka ua ambamo ng'ombe walilala salama. Paa la udongo lafaa katika nchi hii ambapo mvua ya mwaka mzima ni kadiri ya milimeta 500 hadi 600, nayo huja kwa msimu mmoja tu, pwani lingalianguka. Lakini katika miaka ya mwanzo ya 1970, kwa Operesheni Dodoma, watu wengi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na namna ya kujenga ikabadilika pamoja na mahali pa kukaa. Kwa hiyo tuseme, "Wagogo walikuwa wakijenga tembe, na wengine wangali wakizijenga." Sentensi imekuwa ndefu, lakini imekuwa kweli. Vivyo hivyo Wairaqw walikuwa na nyumba zilizochimbwa katika ubavu wa mlima, ili kujificha na mifugo yao wakati wa vita na Wamasai. Tukiandika "huishi chini ya ardhi" tutakuwa tumewasingizia watu walio hai.

Na zipo desturi ambazo hazifai kuvikwa hu- wala kufichwa. Ukeketaji wa wasichana ulikuwako katika nchi hii, na sheria ya mwaka 1998 iliukataza kwa walio chini ya miaka 18. Mwalimu aulizwapo habari hiyo asiseme, "Haikuwako," wala asiseme, "Ndiyo mila yetu." Aseme ilivyokuwa, na kwa nini imekatazwa.

Tena alfabeti hupenda sherehe, haipendi msiba. Lakini Wagogo huzikumbuka njaa zao kwa majina, na ile ya miaka 1917 hadi 1920 huitwa Mtunya. Majeshi ya vita kuu yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Watu wengi wakafa, wengine wakatawanyika. Mtoto akijua zeze na asijue Mtunya, amejua nusu tu ya mambo waliyopitia babu zake.

VI. Yafaayo kufanywa shuleni

Sishauri kuvitupa vitabu hivi. Nashauri kila shule ya uwanda wa katikati itunge kitabu chake, kwa karatasi na rangi zilizopo, ikifuata kanuni ile ya vitu sita.

Kwa herufi G, watoto wamchore mwanamume apigaye zeze, au mwenye marimba ya mkono kama zile zilizompatia marehemu Hukwe Zawose sifa katika nchi za mbali, mwanamke aliyeibana muheme kati ya mapaja yake, maana ngoma hiyo ni ya wanawake, mtoto aliyevaa sare ya shule, tembe na nyumba ya mabati pamoja, kibuyu cha maziwa, na ng'ombe. Kwa S, wamchore Msandawe na upinde wake na asali yake, na pia mwalimu wa Kisandawe ubaoni. Lakini kabla ya kuchora, kila mtoto apelekwe kwa mzee wa nyumbani kwake na maswali matatu: Twajiitaje? Kitu hiki chaitwaje kwa lugha yetu? Je, kingali kinafanywa, au kilikuwa kikifanywa? Majibu yaandikwe kama yalivyosemwa, hata kama wazee wawili wamepingana.

Darasani Dodoma, tangu mji uchaguliwe kuwa makao makuu mwaka 1973, watakuwamo pia watoto wa kila pembe ya nchi, na wengine ambao baba ni Mgogo na mama ni Mchaga. Hao wapewe kurasa mbili. Hapana sababu ya mtoto kulazimishwa kuchagua mzazi mmoja kwa ajili ya herufi.

Na wasidhani ya kuwa kitabu cha picha ni kitu cha kigeni katika nchi hii. Katika miamba ya Kondoa, karibu na Kolo na penginepo, iko michoro katika mahali zaidi ya 150, ya twiga na pofu na tembo na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO iliitia katika urithi wa dunia. Waliopaka rangi zile hawakuwa na herufi. Tena baadaye watu wengine walikuja wakachora kwa rangi nyeupe juu ya michoro ya waliotangulia, kila kizazi kikiongeza yake.

Wenzetu walioko Singida, Manyoni, Kongwa na Mbulu watatufaidia wakituandikia majina ambayo makabila ya huko hujiita wenyewe, pamoja na namna wanavyoyaandika. Mimi nimeyajua machache tu, nayo ndiyo niliyoyaweka hapa.